Faraj wa Nani?

Siku ya kwanza ya uhuru wangu niliamka alfajiri kama kawaida, nikakaa kitandani nikingoja kuitwa.

Nilikuwa nimejiapia kwamba siku hiyo nitalala mpaka jua linichome usoni. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa mtu wa mlangoni katika nyumba ya Bwana Abdulkadir, mtaa wa Kibokoni. Kazi yangu ilikuwa kufungua, kufunga, kubeba mwavuli, kwenda sokoni, kurudi, na kutumwa tena kufuata kile nilichosahau. "Faraj!" "Labeka!" Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu, wala sikupata kuyafikiria, kama vile mtu asivyofikiria kupumua. Kisha serikali ikatangaza kwamba hakuna tena mahakama itakayomtambua mtu kuwa mali ya mtu mwingine. Bwana alikuwa amekwisha kufa. Mjane wake, Bi Alawiya, akatuita mimi na mke wangu Jawahir, aliyekuwa mpishi wake, akatuambia tuko huru, twende tutakako.

Jawahir akauliza kama anaweza kwenda na sufuria yake kubwa.

Mimi nikauliza, "Tutakako ni wapi, bibi?"

Nayasema haya mapema ili usije ukanidhania mtu wa maana.

Basi tukapanga chumba Bondeni, na asubuhi hiyo ya kwanza nikakaa kitandani na kanzu yangu nimekwisha kuivaa. Hakuna aliyeniita. Nje watu walipita, jogoo waliwika, mwenye punda alimtukana punda wake, na katika kelele zote hizo hapakuwa na jina langu. Jawahir alikuwa ameamka kitambo. Alikuwa amekwisha kuchemsha mbaazi na kukaanga mahamri ya kuuza, na leso yake imejaa unga mpaka kifuani.

"Wafanya nini hapo?" akaniuliza.

"Nangoja."

"Wangoja nini?"

Nikafikiri. "Sijui."

"Basi kangojee nje. Hapa nataka kufagia."

Nikatoka nikakaa barazani, na hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Mtu ambaye hajapata kukaa bure hata siku moja, ukimpa baraza na kikombe cha kahawa, atakuwa ama mlevi ama mtu wa mawazo. Mimi kwa bahati mbaya nilikuwa mtu wa mawazo. Kila siku nilikaa pale na watu wa mtaa nikiwasimulia habari za ukoo wangu. Shavuni mwangu nina alama mbili zilizolala sambamba, nami tangu utoto nilikuwa nimejiaminisha kwamba ni chale za kwetu bara, chale za watoto wa wafalme. Sikuikumbuka hiyo bara. Nililetwa Mombasa ningali mdogo mno. Lakini mfalme, baba yangu, nilimjua vizuri. Alikuwa mrefu, hana haraka, na alikuwa na watu wa mlangoni wasiopungua kumi.

Jawahir alivumilia majuma matatu. Siku moja akaniambia kwamba huko Kilindini wanaandika wanaume wa kufanya kazi maghalani, na kwamba mtoto wa mfalme naye hula.

Nikaenda. Chini ya paa la mabati kulikuwa na meza, na nyuma ya meza karani mmoja aitwaye Nicodemus, mtu wa misheni ya Kisauni, mwenye koti zito alilolivaa katika joto lile bila hata kufungua kifungo. Watu walijipanga mstari mmoja. Ilipofika zamu yangu hakuniinulia macho.

"Jina?"

"Faraj."

"Faraj wa nani?"

"Wa Bwana Abdulkadir."

Nyuma yangu watu wakacheka. Nicodemus akaweka kalamu chini.

"Hayo yamekwisha, ndugu yangu. Hapa pana nafasi mbili, jina lako na jina la baba yako. Sikuuliza la bwana."

"La baba silijui."

"Basi enda kalitafute. Orodha yafungwa Alhamisi ya juma lijalo. Mwingine!"

Baadaye nilikuja kujua kwamba kila asiyejua baba yake aliambiwa maneno hayo hayo. Wengine walisogea hatua mbili pembeni, wakakuna kichwa, wakarudi mezani na kusema "Abdallah," wakaandikwa. Lakini mimi nilikuwa nimeambiwa nenda kalitafute, na maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kutumwa. Nikaenda kulitafuta.

"Sema Abdallah," Jawahir akaniambia nilipofika nyumbani. Alikuwa akichagua mchele, hata hakusimamisha vidole. "Mimi nilipoandikwa sokoni nilisema binti Abdallah. Mbona hapakuwa na shida?"

"Ukisimama Mwembe Tayari ukaita 'Bin Abdallah!' watageuka wanaume arobaini na punda mmoja."

"Na wote arobaini wana kazi."

"Jawahir," nikamwambia, nikakaa chini karibu naye, maana siku hizo kila nililolifikiri niliona ni lazima limfikie mtu, "hebu lifikirie jambo hili. Tulidhani mtu akizaliwa huzaliwa na unani wake, kama embe linavyozaliwa embe. Kumbe sivyo! Mtu huwako tu kwanza. Kuwa nani ni jambo la baadaye, na ni lazima alitengeneze yeye mwenyewe."

"Hilo hata mbuzi alijua. Huzaliwa kwanza, ndipo akaitwa."

"Lakini mbuzi huitwa na mwenyewe! Mimi sina wa kuniita. Ni lazima nijiite mimi."

Akapepeta mchele mara mbili, pumba zikanirukia usoni. "Basi jiite. Lakini jiite kabla ya Alhamisi."

Nikaona kwamba hakunielewa. Leo ninapokumbuka naona kwamba alinielewa sana, ila alikuwa na mchele mkononi.

Kesho yake nilikwenda Kibokoni kwa Bi Alawiya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kurudi tangu tuondoke, na mlango ulikuwa umefungwa. Nilisimama nje nikingoja mtu wa mlangoni aje anifungulie, mpaka nikakumbuka kwamba mtu wa mlangoni nilikuwa mimi. Nikabisha.

Alikuwa amezeeka katika mwezi mmoja, au labda sikuwa nimepata kumtazama usoni kabla ya siku ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Faraj. Mwaonaje huko? Jawahir hajambo?"

"Hajambo, bibi. Nimekuja kukuuliza. Nilikuja hapa vipi?"

Akapanga upya mkeka ambao haukuhitaji kupangwa. Akasema nililetwa na mtu mmoja wa Pangani, pamoja na wengine wawili waliokuwa wakubwa kuliko mimi na ambao walichukuliwa nyumba nyingine. Nilikuwa na umri wa miaka mitatu, labda minne. Sikulia. Nilikuwa nimeshika kipande cha muhogo mkononi na sikukubali mtu yeyote akiguse.

"Na jina langu, bibi? Kwa nini niliitwa Faraj?"

Hapo uso wake ukachangamka, maana hilo alilikumbuka vizuri. "Bwana, Mungu amrehemu, alikuwa na gego likimwuma siku tisa. Halali, hali. Siku ulipoletwa wewe, adhuhuri, likang'oka lenyewe. Akasema, huyu mtoto ametuletea faraja. Akakuita Faraj."

Nikamtazama. Maisha yangu yote nilidhani jina langu lina uzito fulani, kwamba mtu alinitazama akaona ndani yangu faraja ya watu. Kumbe lilikuwa jina la jino.

"Na hizi chale, bibi?" nikauliza, nikijigusa shavu. Nilikuwa nimebakiwa na hizi tu.

"Chale gani? Huyo alikuwa jogoo wangu mwekundu. Ulikwenda kumnyang'anya mahindi."

Hapo mfalme wa bara akafa, pamoja na watu wake kumi wa mlangoni. Lakini nilikuwa nimebakiwa na swali moja, na huenda jibu lake lingenifikisha kwa baba.

"Kabla ya kuitwa Faraj, bibi, niliitwaje?"

Bi Alawiya akatazama mikono yake. Nje mtu alipita akiuza ndimu. Sauti ya mwuza ndimu ikaja, ikaenda, ikaisha kabisa.

"Hatukuuliza," akasema.

Hakuwa mwanamke mbaya. Nilipougua ndui aliniuguza kwa mikono yake mwenyewe. Lakini katika miaka zaidi ya thelathini hakuna aliyeuliza, na yule mtoto wa miaka minne, ambaye bila shaka alikuwa analijua jina lake, alingoja aulizwe mpaka akalisahau. Nikaaga. Bibi akaniomba nifunge mlango vizuri, nami nikaufunga vizuri.

Nilipofika pale uchochoro unapogawanyika, mkono wa kushoto ukielekea Ndia Kuu na wa kulia ukielekea kwetu, miguu ikagoma. Si kwamba iliuma. Nilisimama nikagundua kwamba naweza kwenda kushoto, na naweza kwenda kulia, na hakuna kitu chochote chini ya mbingu kinachonilazimisha njia moja kuliko nyingine. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, si bwana, si baba, si hata jina. Nilihisi kizunguzungu kama mtu aliyechungulia kisima. Nikasema moyoni, nikienda kulia, ni nani aendaye? Na akienda kushoto, ni yeye yule?

"Simile! Simile!" Mahamali wawili walikuja na robota la nguo likining'inia kwenye mti begani. Hawakuwa na nafasi ya kusimama, wala mimi sikuwa na uamuzi wa kupisha. Robota likanibandika ukutani, wakapita, wakanitukania baba yangu ambaye na wao pia hawakumjua.

Dirishani juu akatokea mama mmoja. "Umepoteza nini, baba?"

"Sijui, mama," nikamjibu, na lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyopata kutoa.

Akadhani ni pete. Akaita watu. Mara wakaja mzee mmoja na wanawake wawili, wakainama, wakaanza kutafuta katika vumbi. Mzee aliokota kifungo cha shati akanipa kwa furaha kubwa. Nikakipokea, nikashukuru, na kwa kuwa wote walikuwa wakinitazama ilinibidi niondoke. Nikaenda kulia, kwa aibu tu.

Huyo ndiye mwanafalsafa mliyempata.

Zikabaki siku tano. Nilikwenda kwa Mwalimu Idarus, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani chuoni pale mtaani kwetu, mtu mpole mwenye ndevu chache na subira nyingi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Abdallah ni jina zuri," akasema. "Wajua maana yake? Ni mtumwa wa Mungu. Kwani wewe si mtumwa wa Mungu?"

"Ndimi, mwalimu. Lakini utumwa nimetoka juzi tu. Nilitaka nilipumzishe neno lenyewe kidogo."

"Astaghafirullah," akasema, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Faraj, sikiliza. Aliye mtumwa wa Mungu hana bwana mwingine. Huko si kufungwa. Huko ndiko kufunguliwa."

Lilikuwa jibu zuri, nami nikaliheshimu, na kwa sababu lilikuwa zuri nikaenda nalo barazani nikalifikiri siku mbili nyingine. Nilijaribu majina kama watu wanavyojaribu kofia. Siku moja niliwaambia wanywa kahawa waniite bin Sultani. Waliniita hivyo kwa bidii kubwa, na kila walipoita walisimama na kuniinamia, mpaka nikawaomba waache. Nikajaribu bin Salimini, lakini Salimini mwenyewe, jirani yetu, akaja kuuliza nina nia gani na nyumba yake. Nikafikiria kuacha nafasi ile wazi kabisa, niwe Faraj basi, mtu aliyeanza mwenyewe. Nikapenda jinsi lilivyosikika. Jawahir akasema ni jina la mtu atakayekosa kazi.

Alhamisi ilipofika nilikuwa na majina saba kichwani na sikuwa na hata moja. Jawahir alinivuta blanketi.

"Amka. Leo ndiyo siku. Nimekupigia kanzu pasi. Mahamri haya, utakula njiani. Na Faraj," akanishika ukosi, "usirudi hapa bila jina."

Mstari ulikuwa mrefu na jua lilikuwa kali. Mbele yangu nilisikia, mtu baada ya mtu: bin Abdallah, bin Abdallah, bin Abdallah. Wengine waliliokota njiani wakifika mezani, kama mtu anavyookota tasa la maji mlangoni. Niliwadharau na kuwaonea wivu kwa wakati mmoja. Kila nilivyosogea hatua moja yale majina saba yalizidi kupigana, na nilipofika mezani yalikuwa yameuana yote.

"Jina?"

"Faraj."

"Wa nani?"

Nikaitazama kalamu yake.

Nicodemus akaniinulia macho, akanikumbuka. Jasho lilikuwa likimtiririka ndani ya koti. "Ni wewe. Juma zima! Hukupata?"

"Nilipata mengi."

"Ndugu yangu, nina watu sitini nyuma yako. Hata hujui umetoka kwa nani?"

"Kwa Jawahir," nikasema, maana ndiko nilikotoka asubuhi ile.

Akaandika. Akapiga muhuri. "Faraj bin Jawahir. Anza Jumamosi. Mwingine!"

Nilifika mpaka karibu na nyumbani kabla sijaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimejiandikisha serikalini kuwa mwana wa mke wangu.

Jawahir hakujua kusoma, wala mimi, lakini nilimwambia mwenyewe, maana sijui kuficha. Kwanza hakuamini. Kisha alicheka, akashika ukuta, ukuta haukutosha akakaa chini, akalala kabisa chali juu ya mkeka akipiga sakafu kwa kiganja. Nilifurahi kumwona hivyo. Furaha yangu ilidumu mpaka alasiri, aliporudi kutoka kisimani.

Huko kisimani, sijui habari ilifika vipi, wanawake walikuwa wamemngojea. Mmoja alimpongeza kwa kujifungua salama. Wa pili alimwuliza mtoto ananyonya vizuri? Wa tatu, mwenye mawazo mabaya kuliko wote, akauliza kama ni halali mtu kukaa na mamake nyumba moja kwa namna ile.

Jawahir akatua mtungi. Hakucheka tena. "Hilo la tatu," akasema, "kamwulize mwalimu. Na mpaka ajibu, mkeka wako uko barazani."

Mwalimu Idarus alishika kichwa. Akanieleza kwamba mume kumfananisha mkewe na mama yake si jambo la mchezo katika sheria, lina kafara yake, na kafara yenyewe ni kufunga miezi miwili mfululizo. Akafungua kitabu, akafunga, akafungua kingine. Nilikaa mbele yake kama mtoto wa chuo aliyekosa kusoma.

"Niambie kweli, Faraj. Ulipolitamka lile neno, ulikusudia kumfananisha na mama yako?"

"Sikukusudia chochote, mwalimu."

"Chochote kabisa?"

"Kabisa. Kichwa kilikuwa kitupu."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Hilo ndilo lililokuokoa. Enda kalitengeneze lile jina."

Juma zima nililofikiri halikunisaidia kitu. Niliokolewa na dakika moja ambayo sikufikiri.

Kesho yake nilimkuta Nicodemus peke yake, akila muhogo wa kuchoma juu ya orodha zake. Nilitegemea anifukuze. Badala yake alisogeza kisanduku akaniambia nikae, labda kwa kuwa siku ile mstari haukuwapo.

"Kwa nini hili neno linakusumbua hivi?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, gego na jogoo na "hatukuuliza." Alitafuna polepole.

"Sisi Waingereza walipolikamata jahazi la watumwa walituteremsha Kisauni, watoto kumi na tisa," akasema. "Tukapangwa mstari. Padri akafungua kitabu chake, jina la kwanza aliloliona likawa langu. Aliyekuwa nyuma yangu akaitwa Joab."

"Nawe ukakubali?"

"Nilikuwa na njaa. Waliokwisha kupewa majina walikuwa wanakula." Akajipangusa vidole kwa karatasi. "Mwanzoni nikiitwa nilikuwa natazama nyuma nione anaitwa nani. Kisha nikafundishwa kuandika, nikaliandika, nikaliandika, mpaka siku moja nikaona limefanana nami. Au mimi nimefanana nalo. Sijui lipi lilitangulia." Akafungua orodha, akachovya kalamu. "Haya. Bin nani?"

Pale hapakuwa na foleni, wala jua, wala mtu wa kucheka nyuma yangu. Ningeweza kusema jina lolote la duniani naye angeliandika. Mkono wake ulikuwa unangoja, na hapakuwa na wa kunisemea neno. Nikayakumbuka maneno ya mwalimu, kwamba huko ndiko kufunguliwa. Nikawakumbuka wale wanaume wa mstarini niliowadharau, kila mmoja na mtoto wake wa miaka minne aliyenyamaza ndani yake, asiyeulizwa. Walikuwa ndugu zangu kuliko mfalme yeyote. Kama kuna ukoo niliokuwa nao Mombasa nzima, ulikuwa ule mstari.

"Abdallah," nikasema.

Nicodemus akanitazama kwa muda. "Siku zote hizo, kwa Abdallah?"

"Siku zote hizo."

Akakata Jawahir kwa mstari mmoja, akaandika.

Jumamosi nikaanza kazi. Mnyapara wetu, Mdigo mmoja kwa jina Chirau, aliita majina asubuhi. Alipoita "Faraj bin Abdallah!" tukaitika watatu. Akakasirika, akatupanga mbele yake, akatugawia majina yake mwenyewe papo hapo: Faraj Mrefu, Faraj Kikohozi, na mimi, kwa kuwa habari zangu zilikuwa zimefika Kilindini kabla yangu, Faraj wa Jawahir. Nimefanya kazi ghalani pale miaka saba, na mpaka leo huitwa hivyo. Siitiki tena labeka. Naitika naam.

Jambo moja limebaki, nalo si la kuchekesha.

Jioni ya siku ile ya kazi, mgongo ukiniuma kama umevunjwa, Jawahir alinikanda kwa mafuta ya nazi. Nilikuwa nimerudishwa ndani. Nikamwuliza aliwezaje yeye kusema binti Abdallah pale sokoni kwa dakika moja tu, bila kuumwa na kitu.

"Nilikuwa na mbaazi motoni," akasema.

Akaendelea kunikanda, kisha mikono ikasimama.

"Mimi nilichukuliwa nikiwa na miaka saba, Faraj. Si minne. Nilikuwa nimekwisha kujua. Baba yangu namjua. Jina lake nalijua."

Nikageuka. Miaka kumi na mbili tulikuwa mume na mke na sikupata kulisikia.

"Mbona hukulisema? Pale sokoni, mbona hukuliandikisha?"

"Nilitoe pale, kila mkusanya ushuru alipige kelele, wachuuzi waligombanie? Nilikuja nalo kutoka kwetu na sikuwa na kitu kingine mkononi. Sokoni wanataka neno la kujaza nafasi. Nikawapa neno."

Ndipo nilipoona kwamba mimi nilikuwa nimelipeleka swali lile barazani, Kibokoni, chuoni na bandarini, nikimshika kila mtu kanzu, na yeye alikuwa ameishi nalo jikoni muda wote huo akipika. Nilidhani hana mawazo kwa sababu hana maneno mengi.

Akainama akaniambia jina la baba yake sikioni. Sasa Mombasa nzima tunalijua watu wawili tu. Usinitazame hivyo, sitakuambia.

Mwaka uliofuata tulipata mtoto wa kike, Hafswa. Hafswa binti Faraj. Karani alipouliza nilijibu kabla hajamaliza kuuliza. Juzi, akiwa ametimiza miaka sita, alikuja mbio kutoka kucheza akaniuliza, "Baba, baba yako aitwa nani?" Watoto wenzake walikuwa wakishindana kwa mababu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miaka sita. Nilikuwa na hotuba nzima, yenye mtu kuwako kwanza na kuwa nani baadaye. Nikamtazama, hotuba ikanitoroka.

"Simjui, mwanangu," nikamwambia.

"Haya," akasema, akanikalia mapajani, akaninyooshea mguu. "Basi nitoe mwiba."